Ukwaju Uchemshwe, Ubuyu Usichemshwe

Kiu ni jambo la kila siku, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba kuituliza hakuhitaji elimu. Maji yakiwapo, tunda likiwapo na sukari ikiwapo, sharubati imekwisha kupatikana. Fikira hiyo si sahihi. Katika bilauri moja ya sharubati, au juisi kama wengi waiitavyo leo, mna kemia, fizikia na baiolojia za kutosha kumshughulisha mwanafunzi wa sekondari kwa muhula mzima. Aidha, makosa yafanywayo katika kazi hiyo ndogo huweza kumnyima mtoto lishe aliyokusudiwa kuipata, au kumletea maradhi ambayo yangeweza kuepukwa kwa urahisi.

Makala haya yanatetea kanuni moja, nayo ni kwamba utengenezaji wa sharubati hauna budi kufuata tabia ya tunda lenyewe, wala si mazoea ya jikoni au ya dukani. Kwa matunda mawili ya nchi kavu ya Usukuma, kanuni hiyo yaweza kusemwa kwa maneno machache: maji yasafishwe daima, ukwaju uchemshwe, ubuyu usichemshwe. Kila moja ya amri hizo tatu ina sababu yake, na kuzichanganya ndiko kunakoleta hasara.

Nchi ya kiangazi kirefu

Sapiwi ni kata ya Wilaya ya Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Usukuma, mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kumalizika Aprili au Mei. Miezi inayofuata ni ya jua, vumbi na upepo. Wakazi hulima pamba, mahindi, mtama na viazi vitamu, na hufuga ng'ombe. Maembe huja kwa wingi kwa muda mfupi, kisha hutoweka. Machungwa husafirishwa kutoka mbali, na gharama ya safari hiyo humwangukia mnunuzi.

Mkwaju na mbuyu ni miti ya tabia nyingine. Yote miwili huvumilia ukame, na matunda yake hukomaa katika kiangazi, wakati ambapo matunda mengine ni adimu. Yakikauka huhifadhika kwa miezi bila ya barafu wala umeme. Wasukuma huuita mkwaju nshishi, na tunda lake bushishi. Mbuyu huuita ng'wandu. Matunda hayo huokotwa porini na katika mashamba, na huuzwa katika magulio pamoja na nafaka na viazi.

Hata hivyo, miti hiyo haikubaki salama nyakati zote. Katika karne ya 20 mapori mengi ya Usukuma yalifyekwa, kwanza kwa ajili ya kuangamiza mbung'o, kisha kwa ajili ya kupanua mashamba ya pamba na malisho. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, ambao uliendelea hadi mwaka 2004. Mradi huo ulihimiza kufufuliwa kwa ngitili, yaani maeneo ya malisho ambayo kwa desturi ya Wasukuma hufungwa wakati wa mvua ili mifugo iyatumie wakati wa kiangazi. Ngitili ziliporudi, miti nayo ilirudi pamoja na majani. Funzo lililopatikana hapo ni la maana: mti huhifadhiwa vizuri zaidi pale ambapo watu wanaoishi karibu nao wanauona una faida. Nyumba inayokunywa sharubati ya ukwaju ina sababu ya kutouchoma mkwaju kuwa mkaa.

Wahenga walisema kwamba penye miti hakuna wajenzi. Mwaka 2008 Jumuiya ya Ulaya iliruhusu unga wa ubuyu uuzwe katika nchi zake kama chakula kipya, na mwaka uliofuata Marekani nayo ikafungua mlango. Watu wa nchi za mbali huununua kwa bei kubwa katika vipakiti vidogo. Wakati huohuo, katika vijiji ambavyo ubuyu unapatikana karibu, mgeni wa heshima aghalabu hukaribishwa kwa soda, na mtoto hununuliwa unga wa rangi na sukari wenye picha ya chungwa juu ya karatasi yake. Picha hiyo ndiyo sehemu pekee ya chungwa iliyomo.

Uchachu si vitamini

Kosa la kwanza linalopaswa kusahihishwa ni imani kwamba kila kitu kichachu kina vitamini C kwa wingi. Imani hiyo imetokana na ndimu na machungwa, ambayo ni machachu na yana vitamini hiyo; lakini uchachu na vitamini ni mambo mawili mbalimbali. Uchachu wa ndimu hutokana hasa na asidi ya sitriki. Uchachu wa ukwaju hutokana na asidi ya tartariki, ambayo ni nadra kupatikana kwa wingi kiasi hicho katika matunda mengine. Vitamini C ni kitu cha tatu, kiitwacho asidi ya askobiki. Kilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1928 na mtaalamu wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, ambaye alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1937.

Gramu 100 za nyama ya ukwaju zina vitamini C miligramu 3 au 4 tu. Gramu 100 za chungwa zina miligramu zipatazo 50. Unga wa ubuyu una kati ya miligramu 150 na 300, na mara nyingine zaidi, kwa kadiri ya mti ulikotoka na muda uliowekwa. Basi ukwaju, ambao ulimi huuona mchachu kupita vyote, ndio wenye vitamini C kidogo kupita vyote.

Hiyo haina maana kwamba ukwaju haufai. Una madini ya potasiamu na magnesiamu, una ladha inayoondoa kiu upesi, na uchachu wake huifanya sharubati ipendeze hata ikiwa na sukari kidogo. Muhimu zaidi kwa mpishi ni kwamba madini hayaharibiwi na moto, na asidi ya tartariki haiharibiwi na maji yanayochemka. Kwa hiyo ukwaju hauna cha kupoteza chunguni. Una cha kupata: maji ya moto huilainisha nyama yake ngumu, huitenga na kokwa na nyuzi, na huua vijidudu vilivyoingia wakati tunda lilipomenywa, likafinyangwa kwa mikono na kuanikwa penye vumbi na nzi. Ndiyo sababu ukwaju uchemshwe.

Ubuyu ni kinyume chake. Utajiri wake mkubwa ni ile vitamini ambayo moto, hewa na baadhi ya metali huiangamiza. Tena unga wake hauhitaji moto ili kuachana na mbegu. Huyeyuka katika maji ya uvuguvugu kwa kukorogwa tu. Anayeuchemsha ubuyu kwa nusu saa pamoja na sukari, kama ifanyikavyo katika nyumba nyingi, hutumia kuni zake ili kupunguza kile alichokitafuta.

Funzo la James Lind

Kosa hilo si la Usukuma peke yake, wala si la watu wasiosoma. Mwaka 1747 daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 waliokuwa wakiugua kiseyeye ndani ya meli ya Salisbury, akawagawa katika jozi sita. Kila jozi aliipa tiba yake: wengine siki, wengine maji ya bahari, wengine kinywaji cha matofaa, na kadhalika. Jozi moja ilipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yalikwisha kwa siku sita, lakini hao wawili walipata nafuu upesi kuliko wote. Jaribio hilo huhesabiwa kuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza ya tiba yaliyofanywa kwa kulinganisha makundi.

Sehemu ya pili ya habari hiyo haisimuliwi mara nyingi. Matunda mabichi hayakuweza kukaa melini kwa miezi mingi. Kwa hiyo, katika kitabu chake cha mwaka 1753, Lind alishauri maji ya machungwa na malimau yapashwe moto kwa saa nyingi mpaka yawe mazito, kisha yawekwe katika chupa. Dawa ilihifadhika, lakini nguvu yake ilikuwa imepungua sana kwa moto na kwa kukaa. Jeshi hilo lilianza kuwagawia mabaharia maji ya malimau kwa utaratibu mwaka 1795, karibu nusu karne baada ya jaribio lenyewe.

Lind hakuwa mzembe. Alifanya jaribio zuri, kisha akabadili namna ya kutayarisha tunda bila ya kulirudia jaribio lake kwa tunda lililopashwa moto. Mama wa Sapiwi aichemshaye sharubati ya ubuyu naye si mzembe. Anafuata ushauri mwema wa kuchemsha, isipokuwa ushauri huo umevuka mpaka wake. Ushauri wa afya ulihusu maji. Umekuja kueleweka kwamba unahusu kila kiingiacho chunguni.

Maji kwanza

Juu ya maji hapana mjadala. Kiangazi kinapozidi, maji ya vijiji vingi vya Usukuma hutoka katika malambo, katika visima vifupi na katika visima vinavyochimbwa mchangani kwenye mito iliyokauka, mahali ambapo mifugo nayo hunywa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kipindupindu kiliripotiwa katika Mkoa wa Simiyu. Sharubati iliyotengenezwa kwa maji machafu husambaza maradhi upesi kuliko maji yenyewe, kwa kuwa utamu humfanya mtu anywe zaidi na kumkaribisha jirani.

Wapo wasemao kwamba uchachu wa tunda huua vijidudu, hivyo maji mabichi hayana neno. Ni kweli kwamba vijidudu vya kipindupindu havistahimili asidi kali. Lakini sharubati huchanganywa kwa maji mengi, na vijidudu vingine hustahimili uchachu. Mwaka 1996 nchini Marekani juisi ya matofaa, iliyo chachu, iliuzwa bila ya kupashwa moto ikiwa na bakteria aina ya E. coli O157:H7. Watu zaidi ya 60 waliugua na mtoto mmoja alikufa. Kama hayo yaliwezekana katika nchi yenye viwanda na mabarafu, hapana sababu ya kuutegemea uchachu peke yake katika nchi ya malambo.

Maji yaliyotulizwa na kuchujwa kwa kitambaa safi yachemshwe mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja au zaidi. Sehemu kubwa ya Wilaya ya Bariadi imeinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Sentigredi badala ya 100, kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo. Joto hilo linatosha kabisa kuua vijidudu vya kuhara, taifodi na kipindupindu.

Asiye na kuni za kutosha anaweza kulitumia jua. Mwaka 1980 Aftim Acra na wenzake wa Beirut walichapisha habari za uwezo wa mwanga wa jua wa kuua vijidudu katika vinywaji. Baada ya uchunguzi zaidi, njia hiyo sasa inakubaliwa: maji maangavu hutiwa katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita mbili, na kulazwa juani kwa saa sita. Siku ikiwa ya mawingu mengi, chupa huachwa kwa siku mbili. Maji yenye matope hayafai kwa njia hii, maana mwanga hauyapenyi.

Njia ya tatu ni dawa ya klorini. Hapa mwalimu wa kemia ana la kueleza, kwa kuwa klorini na vitamini C huangamizana. Mtu atiaye klorini na ubuyu kwa wakati mmoja hupoteza vyote viwili, yaani klorini haiwahi kuua vijidudu na vitamini haiwahi kumfikia mnywaji. Klorini itangulie, ipewe nusu saa kufanya kazi yake, ndipo ubuyu ufuate.

Namna ya kutengeneza

Kwa sharubati ya ukwaju, gramu 200 za ukwaju uliomenywa husuuzwa upesi na kutiwa katika lita 2 za maji, kisha huchemshwa kwa dakika kumi. Sufuria huondolewa motoni na kufunikwa mpaka ipoe. Nyama huvurugwa kwa mwiko mpaka iachane na kokwa, na maji huchujwa kwa chujio au kitambaa kilichochemshwa. Kipande cha tangawizi au punje za iliki huweza kutiwa tangu mwanzo. Ifahamike kwamba ukwaju hulainisha choo. Anayeunywa kwa wingi asishangae.

Kwa sharubati ya ubuyu, lita moja ya maji huchemshwa na kuachwa ipoe mpaka iwe vuguvugu, hali ambayo mkono waweza kuvumilia kukishika chombo. Gramu 80 za unga wa ubuyu, au ubuyu pamoja na mbegu zake kwa kadiri ya kupata unga huo, hutiwa na kukorogwa kwa mwiko safi kwa dakika chache, kisha huchujwa. Ubuyu ulio bora kwa kazi hii ni ule ambao bado umo katika gamba lake gumu, kwa sababu unga uliomo ndani haujaguswa na mkono wala nzi. Gamba lipasuliwe nyumbani siku ya kutengeneza.

Hapa yafaa lielezwe jambo ambalo wapinzani wa kanuni hii hulitaja, tena kwa haki. Unga wa ubuyu ununuliwao gulioni umepita mikono mingi, na ukavu wake huzuia vijidudu visizaliane lakini hauviui. Kwa unga wa namna hiyo, njia ya kati ni kuupasha mchanganyiko moto mpaka ufikie nyuzi zipatazo 75 kwa dakika chache tu, chombo kikiwa kimefunikwa, kisha kuupoza haraka. Sehemu ya vitamini itapotea, lakini nyingi itabaki, maana uchachu wa ubuyu wenyewe huilinda kwa kiasi fulani. Kuupasha moto kwa dakika chache ni jambo moja, na kuutokosa kwa nusu saa ni jambo jingine.

Vyombo navyo huchaguliwa. Sharubati chachu isilazwe katika sufuria ya alumini, kwa kuwa asidi hula chombo. Wala isiguswe na shaba, ambayo huharakisha kuharibika kwa vitamini C. Chombo cha kioo, cha chuma kisichoshika kutu au cha enameli isiyobanduka chafaa.

Mwenye mtungi wa udongo hana haja ya kulalamikia ukosefu wa barafu. Maji hupenya polepole katika vitundu vya udongo na kugeuka mvuke, na kila gramu moja inayogeuka mvuke huondoka na joto la jouli zipatazo 2,400. Chupa ya sharubati iliyofungwa vizuri na kutumbukizwa katika maji ya mtungi uliowekwa kivulini penye upepo hupoa vya kutosha. Hata hivyo sharubati ya ubuyu inywewe siku ileile. Ya ukwaju nayo isizidi kesho yake; ikitoa povu au harufu ya pombe, hamira za hewani zimekwisha kuigeuza sukari kuwa kileo, nayo imwagwe.

Hesabu ya sukari

Tunda jema huweza kuharibiwa na sukari kama linavyoharibiwa na moto. Chukua mfano wa mtu atiaye nusu kilo ya sukari katika lita tatu za sharubati. Kila lita itakuwa na gramu 167, na bilauri moja ya mililita 250 itakuwa na gramu 42 hivi. Soda ya kola ya mililita 330 ina gramu zipatazo 35. Kinywaji cha nyumbani, kilichokusudiwa kuwa dawa ya soda, kimekuwa kitamu kuishinda soda yenyewe.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula, pamoja na sukari ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na kwamba ni bora isizidi nusu ya hapo. Kwa mtu mzima wa wastani hiyo nusu ni gramu 25 kwa siku. Vijiko vitatu vya mezani vya sukari, yaani gramu 40 hivi, vyatosha lita moja. Kila bilauri itapata gramu 10. Ulimi utalalamika kwa siku chache, kisha utazoea. Asali haibadili hesabu hiyo, na haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Na ubuyu wa pwani uliopikwa katika sukari na rangi nyekundu ni peremende. Usichukuliwe kuwa ni tunda.

Pamoja na chakula

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59, na asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa, walikuwa na upungufu wa damu. Sababu zake ni nyingi, zikiwamo malaria na minyoo. Lakini ukosefu wa madini ya chuma ni mojawapo kubwa. Chakula cha kawaida cha Usukuma, yaani ugali na mboga za majani, kina chuma, ila chuma cha mimea ni kigumu kufyonzwa na utumbo. Vitamini C hukigeuza na kukishika katika hali inayofyonzeka, mradi viwili hivyo vikutane tumboni katika mlo mmoja. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na mlo hufanya kinyume: tanini zake hukizuia.

Hapo ndipo faida ya sharubati ya ubuyu inapoonekana kwa hakika. Kwa ubuyu wenye miligramu 200 za vitamini C katika kila gramu 100, lita moja iliyotengenezwa kama ilivyoelezwa huwa na miligramu 160, na bilauri moja miligramu 40. Kiasi kinachopendekezwa kimataifa kwa mtu mzima ni miligramu 45 kwa siku. Bilauri moja ikinywewa pamoja na ugali na mboga, na chai ikiahirishwa kwa saa moja au mbili, hubadili thamani ya mlo uleule bila ya kuongeza mboga wala nyama. Ubuyu uliotokoswa hauwezi kuahidi hayo.

Hata hivyo sharubati si tiba. Mtoto aliye chini ya miezi sita hapewi chochote ila maziwa ya mama. Mgonjwa wa kuhara apewe maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa kama wauguzi wanavyoelekeza, wala asidanganywe kwa sharubati. Mwenye upungufu wa damu apelekwe zahanati.

Jaribio la kila shule

Hakuna sababu ya mwanafunzi kuyapokea maneno haya kwa imani tu. Maabara iliyo maskini kuliko zote yaweza kuyapima. Uji mwepesi sana wa muhogo hutiwa tone la iodini, nao hugeuka buluu. Vitamini C huiondoa rangi hiyo, kwa kuwa hupambana na iodini. Basi kiasi kilekile cha maji ya buluu hutiwa katika vikombe vitano vidogo, na kila kikombe hudondoshewa mojawapo ya hivi, tone moja moja, mpaka rangi itoweke: maji ya ndimu, maji ya ukwaju, ubuyu wa maji ya uvuguvugu, ubuyu uliochemshwa kwa dakika 30, na maji matupu. Idadi ya matone huandikwa. Kadiri matone yanavyokuwa machache, ndivyo vitamini inavyokuwa nyingi.

Sharti vimiminiko vyote vichujwe, na maji ya ukwaju yazimuliwe ili wekundu wake usifiche rangi. Maji yaliyopotea kwa mvuke katika ubuyu uliochemshwa yarudishwe mpaka kipimo cha awali, la sivyo ulinganisho hautakuwa wa haki. Jaribio lirudiwe mara tatu na wastani uchukuliwe. Mwanafunzi makini atauliza kama viko vitu vingine katika matunda vinavyoweza kuiondoa rangi ya iodini. Vipo, na kwa hiyo kipimo hiki ni cha kukadiria. Swali hilo ni dalili kwamba somo limeeleweka. Vilivyotumika katika jaribio visinywewe.

Kazi ya shule

Huenda ikasemwa kwamba mambo ya jikoni hayastahili nafasi katika maabara, na kwamba shule ina mitihani ya kushughulikia. Lakini asidi, iodini, mvuke, kanieneo, hamira na bakteria vimo tayari katika mihtasari. Kinachokosekana ni kuvihusisha na chungu kilicho nyumbani. Mwanafunzi akaririye sifa za vitamini C, kisha akarudi nyumbani kuutokosa ubuyu, amefaulu mtihani bila ya kuipata sayansi.

Shule za sekondari za Bariadi, na za kanda zote kavu za Tanzania, zingefanya jambo la busara kama kila moja ingepanda mikwaju na mibuyu michache katika uwanja wake, ikajua kwamba mbuyu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa na hivyo hupandwa kwa ajili ya watakaokuja. Kidato kimoja kifanye jaribio la iodini kila mwaka katika kiangazi. Matokeo yake yaandikwe kwenye karatasi kubwa na kusomwa mbele ya wazazi siku ya mkutano wa shule, na wazazi waonjeshwe sharubati zote mbili, kila moja ikiwa imetengenezwa kwa kanuni yake. Mzazi aliyeyaona matone yakihesabiwa mbele ya macho yake hatahitaji kuhubiriwa tena kwamba maji yachemshwe, ukwaju uchemshwe, na ubuyu uachwe na uhai wake.